Sweta za Kiirua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya sweta za shule pale Nchiru, nilikabidhiwa chaki na ubao. Kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba: oda ipi ifumwe kwanza, ipi ifuate. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na huko nilifundishwa kwamba kazi fupi hutangulia, ili wateja wengi wahudumiwe mapema.

Mama Kendi, msimamizi wa mashine, alisoma ubao akacheka. "Msomi, ukifuma nyeusi asubuhi, nyeupe ya mchana itatoka na manyoya meusi. Hapa tunaanza na rangi nyepesi, tunamaliza na nzito."

"Nani aliweka sheria hiyo?"

"Mashine. Iulize."

Tulibishana wiki nzima. Oda moja tu haikutugombanisha: ya shule ya msingi huko Kiirua, sweta za shule nzima, rangi ya damu ya mzee. Kwake ilikuwa rangi nzito, kwangu kazi ndefu. Tukaiweka mwisho.

Lakini kila asubuhi iliingia oda nyingine ndogo, nyeupe au ya manjano, na kwa sheria zote mbili ikatangulia. Nilifuta, nikaandika upya. Juni ikaisha, baridi ya Julai ikaingia.

Mwalimu mkuu wa Kiirua akaja mwenyewe. "Watoto wangu wanaandika mkono mmoja ukiwa kwapani. Sisi ni nambari ngapi?"

"Ya mwisho, Mwalimu."

"Hata mwezi uliopita mliniambia ya mwisho."

Mama Kendi alizima mashine katikati ya oda ya wauguzi, akatoa uzi mweupe, akafunga ule wa damu ya mzee.

"Na sheria ya rangi, Mama?"

"Wacha maneno. Leta nyuzi."

Baadaye sweta za wauguzi zilitoka na manyoya mekundu. Tuliyachomoa moja moja kwa vidole.

Oda ndefu haifupiki kwa kuharakishwa. Tulifikisha mzigo Kiirua siku shule inafungwa. Watoto walizivaa sweta wakaenda nazo nyumbani. Mwalimu mkuu alizihesabu, akatia sahihi.

Kazi hiyo niliiacha. Siku hizi nauza vitambaa Manyatta. Nyinyi mnaoingia kazini sasa mtaniuliza kosa lilikuwa la nani. Nimelitafuta. Kila asubuhi, ukiitazama peke yake, ratiba ilikuwa sahihi. Mpaka leo sijui ni asubuhi ipi nilipaswa kukosea.