Kurasa Zilizokatwa kwa Mkasi

Siku lori la manamba lilipomchukua mume wangu pale Makambako, hakuna aliyelia, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Tulisimama kando ya barabara, wake zao na mama zao, tukiwatazama wanaume wakipanda, kila mmoja na blanketi jipya begani na kibao cha namba shingoni. Tukapunga mikono kama watu wanaosindikiza wageni wa harusi. Wakala aliyekuja kuandika watu alikuwa pembeni, akicheka na karani wake. Wanaume wetu walikuwa wanapelekwa kama vibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, mahali ambapo hata mmoja kati yetu hakuwahi kupaona. Waliotangulia kwenda, wengine walirudi mkataba ulipokwisha. Wengine walirudi wakikohoa. Wengine hawakurudi kabisa, na hakuna ofisi ya Serikali iliyoona haja ya kutueleza kwa nini.

Nikarudi Kitandililo kwa wakwe zangu, nikaendelea kulima. Hatukuwa na mtoto bado. Muda si mrefu, nikiwa napalilia ulezi, moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikanibana, nikakaa juu ya tuta nikijua kwamba ninakufa. Sikufa. Siku iliyofuata hali ile ikanirudia kisimani, ndoo ikanidondoka. Baadaye ikawa inanijia bila sababu, hata nikiwa nasonga ugali, hata kanisani katikati ya wimbo.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe, ambaye alinipenda kweli, alisema kuna mtu kanitupia jicho. Mganga wa zahanati alinipa dawa chungu ya malaria kabla hata sijamaliza kueleza. Mzee wa kanisa alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Hofu ni upungufu wa imani, binti yangu. Omba."

"Naomba, baba."

"Basi omba zaidi."

Nikaondoka pale nimekasirika kiasi kwamba njia nzima sikumwamkia mtu. Nilikuwa naomba mpaka magoti yamechubuka. Mume wangu amechukuliwa kama gunia la mahindi, halafu kasoro iwe kwenye imani yangu?

Nilikuwa nimesoma shule ya wasichana ya misheni, huko Njombe, hadi darasa la nne. Pale Kitandililo, katika chumba cha shule, palikuwa na sanduku la vitabu lililoletwa kutoka misheni ya Njombe, na mwalimu ndiye aliyeshika ufunguo. Jumapili moja nilimwomba kitabu. Akaniuliza ni kitabu gani. Nikamwambia, chochote. Akanipa kimoja kuhusu mwili wa binadamu, kwa sababu, alisema, hakuna mwingine aliyekitaka.

Kitabu kile kilikuwa kidogo na kibaya kwa sura, picha zake zimefifia. Lakini ndani yake nilisoma kwamba moyo ni msuli, kwamba kazi yake ni kusukuma damu, na kwamba mtu akiogopa unasukuma zaidi ili miguu ipate nguvu za kukimbia. Nikasoma sehemu ile tena na tena. Hofu iliponijia tena shambani, niliweka kiganja kifuani nikasema kwa sauti, "Sukuma basi, lakini mimi sikimbii." Haikuondoka mara moja. Ila kwa mara ya kwanza nilikuwa na neno la kuijibu.

Basi nikawa msomaji. Nilisoma cha ufugaji wa nyuki, nilisoma cha nchi za mbali na mito yake, nilisoma cha kunyoosha mashati. Niliweka kitabu chini ya khanga nikienda kukata kuni, na nikipumzika, nasoma. Nilikuwa natafuta kitu ambacho sikujua jina lake. Nilitaka mtu mmoja tu, popote duniani, aniambie maisha haya yana maana gani ikiwa anayekupenda anaweza kupandishwa lori na wewe ukapunga mkono.

Ndipo mwalimu akanipa kitabu cha hadithi. Kilikuwa habari za mwanamke wa nchi ya baridi ambaye mume wake alikwenda kuchimba madini milimani, miaka ikapita bila habari. Mwanamke yule aliendesha mtumbwi wa kuvusha watu mtoni, na kila aliyevuka alimuuliza kama amemwona mumewe. Kulikuwa na ukurasa unaoeleza jinsi mikono yake ilivyokuwa inakufa ganzi juu ya kasia. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikalia. Mtu nisiyemjua, wa rangi nyingine, alikuwa ameandika vidole vyangu.

Nikasoma kwa pupa. Mwanamke akapata habari kwamba kuna mtu amerudi kutoka milimani. Akauacha mtumbwi wake, akaenda kumwuliza. Nikafungua ukurasa unaofuata, na hapakuwa na ukurasa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, kwa unyoofu, karibu kabisa na uzi.

Nilimwendea mwalimu. "Nani amefanya hivi?"

"Kimefika hivyo kutoka Njombe," akasema. "Bibi wa misheni huvipitia kwanza. Yasiyofaa anayaondoa."

"Yasiyofaa kwa nani?"

Mwalimu akacheka kidogo, akatazama pembeni. "Kwenu ninyi."

Nilimwambia mama mkwe kwamba nakwenda Njombe. Akauliza kuna msiba gani. Nikasema nakwenda kuuliza mwisho wa hadithi. Baba mkwe alikuwa ameketi upande wa pili wa moto, na kwa kuwa kwa heshima hakuzungumza nami ana kwa ana, akamwambia mkewe, "Mwambie mke wa mwanangu kwamba watu watasema ana wazimu."

"Mwambie baba," nikajibu, "kwamba tayari wanasema."

Kisha mama mkwe akanifungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa.

Nilitembea hadi Makambako, nikapata nafasi kwenye lori lililobeba magome ya miti ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Njia nzima ukungu, baridi inachoma masikio, nami nimekaa juu ya magome nimekumbatia kitabu. Hofu haikunijia hata kidogo. Nilikuwa na hasira mno, haikupata pa kukaa.

Bibi wa misheni nilimkuta barazani akikagua ushonaji wa wasichana. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili safi kuliko changu, na alinikumbuka tangu shule. "Kamwene," akanisalimu kwa Kibena, akifurahi. Nikaitikia, nikampa kitabu nikiwa nimekifungua pale palipokatwa.

"Mama, nimekuja kuuliza mwisho wake."

Furaha ikamtoka usoni. Akawaambia wasichana waingie ndani. "Ule mwisho si mzuri," akasema. "Niliuondoa ili usiwaumize."

"Nimeshaumia. Nataka kuujua."

"Ninyi mna majonzi ya kutosha. Kwa nini mwongezewe?"

"Mama, majonzi yangu umeyakata kwa mkasi? Mume wangu yuko Tanga. Lori lilipomchukua ulikuwa wapi na mkasi wako?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Sikuwahi kusema hivyo na mzungu, wala na mkubwa yeyote. Nilisimama pale nikingoja anifukuze. Yeye akawa mwekundu shingo nzima, akasema kwa ukali, "Alikufa! Mume alikuwa amekufa siku nyingi, na yule mwanamke alirudi mtoni akajitupa. Haya, umeridhika?"

Nilikaa chini kwenye ngazi.

Akadhani amenivunja. Akaja akainama, sasa sauti imelainika. "Unaona? Ndiyo maana niliuficha."

"Mama," nikamwambia, "nyuma ya nyumba yetu kuna mwenzangu, mke wa manamba kama mimi, aliyejinyonga kwenye mti wa muwati. Tulimshusha sisi wanawake kwa mikono yetu. Mzee wa kanisa alikataa kumzika kwa nyimbo. Hakuna aliyetuambia tuseme nini juu yake, hakuna. Na hapa kulikuwa na mtu aliyeandika habari zake, wewe ukazitupa."

Aliingia ndani, nikasikia mlango ukifungwa. Nilipoona harudi, nikaondoka. Kitabu niliondoka nacho.

Laiti ningeweza kusema kwamba aliniletea zile kurasa. Hakuleta. Kilichokuja Kitandililo ni agizo kwamba sanduku lirudishwe Njombe, na mzee wa kanisa akatangaza mbele ya watu kwamba nimezuiwa Meza ya Bwana mpaka nitubu kiburi. Nilikaa nyuma kabisa miezi mingi, nikiwatazama wengine wakienda mbele. Sikutubu. Nilimwambia Mungu mwenyewe kwamba sikuona cha kutubia, na ninaamini alinielewa kuliko mzee wake.

Lakini wake wa manamba walianza kunijia. Kwanza mmoja, na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kama anakuja kutembea tu, akaniuliza kama ni kweli kuna hadithi ya mwanamke wa mtumbwi. Nikamsomea. Akaja na mwenzake. Nilipofika penye mkasi nilifunga kitabu nikawaambia mwisho kwa mdomo wangu, wote, bila kuficha. Walilia, na mmoja wao akataja jina la mwenzetu aliyejinyonga, jina ambalo halikuwa limetajwa na mtu tangu siku ile. Kisha tukaanza kumwimbia nyimbo za maziko ambazo alinyimwa, pale pale jikoni, masufuria yakiwa bado motoni. Mama mkwe ndiye aliyeongoza sauti.

Mume wangu alirudi. Aliteremka Makambako amekonda, kiganja kimoja kimechanwa na miiba ya mkonge hata hakikunjiki. Alipumzika, akaanza kulima, na jioni moja aliponikuta nasoma ukurasa wa gazeti lililofungiwa sukari dukani, akauliza, bila ubaya, "Hivi hayo makaratasi yanakusaidia nini?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikamwambia bado moyo hunienda mbio, na bado sijui maana ya yaliyotupata. Nikamwambia nikisoma napata mtu wa kubishana naye.

Akakikanda kile kiganja. "Basi soma kwa sauti," akasema, "na mimi nina ya kubisha."