Fenesi Nililopeleka Ukweni Mbooni

Msinicheke kabla sijamaliza, ingawa najua mtacheka tu. Hata mke wangu, ambaye kisa hiki ni chake vilevile, huanza kucheka nikivuta tu pumzi ya kukianza. Aibu niliyoipata mimi kule Mbooni, nyumbani kwa watu niliokuwa nawaomba binti yao, sijasikia mwanamume mwingine akiipata, na yote niliitafuta kwa mikono yangu miwili.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa mwalimu kijana wa darasa la nne kwetu Kanyangi, upande wa Kitui, na nilikuwa nampenda Mwikali, mwalimu mwenzangu, msichana wa milima ya Mbooni. Baba yake, Mzee Nzioka, hakuwa na shida na mimi. Shida ilikuwa mama. Mara mbili wazee wetu walipanda ile milima kuuliza kama tunaweza kuleta mbuzi wa ntheo (wale mbuzi ambao kwetu Wakamba wakishapokewa, basi msichana ni mke wako), na mara mbili mama akasema, "Bado." Alijua kwetu ni kukavu. Alisema hakumzaa Mwikali aende kufukua mchanga mtoni akitafuta maji. Safari hii niliitwa mwenyewe, Jumamosi, nionekane na nijibiwe mara ya mwisho.

Sasa niambieni, watu wa Mbooni unawapelekea nini? Parachichi? Ndizi? Zao zenyewe zinaozea shambani! Na wiki hiyohiyo ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa alikuwa amenitumia fenesi kwa ajili ya wanafunzi wangu, maana Jumatatu nilikuwa na somo la mimea na tunda hilo walikuwa wameliona kwenye picha tu. Lilikuwa kubwa kama mtoto wa miaka miwili, lina miba butu mwili mzima, na lilinukia utamu mpaka majirani wakaja kuuliza ni nini kimepikwa. Nikalitazama, nikajiambia: watoto watapata mbegu na vipande, lakini hili likikatwa Mbooni, mama atajua hata Kanyangi kunaweza kutoka kitu ambacho kwao hakuna. Kauamuzi kadogo hivyo tu, jameni.

Nikalibeba begani kupanda ile milima, suti imelowa jasho, mpaka sebuleni kwa Mzee Nzioka. Sebule yenyewe, ngai wakwa! Kila kiti kina kitambaa cheupe alichofuma mama mwenyewe, kimepigwa pasi, kimenyooka, hata unaogopa kuegemea. Mama hakutoka jikoni. Pale kwao nthoni ilikuwa bado inashikwa sana, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mwanamume na mama mkwe: hamtazamani usoni, hamsemezani ovyo, na kushikana mikono ndiyo kabisa, haiwezekani.

Sasa ndugu yangu alikuwa ameniambia waziwazi, "Kabla hujalikata, paka mafuta kisu na mikono." Sikusahau. Nilikumbuka vizuri sana, nimepiga magoti juu ya gunia, kisu mkononi. Lakini mafuta yako wapi? Yako jikoni kwa mama. Mimi, mtu wa kukavu, nimekuja kuomba msichana, nianze kwa kuomba mafuta? Si atasema hawa watu hata mafuta hawana? Nikanyamaza, nikakata.

Na mwalimu ni mwalimu, nikaanza na somo. "Mzee, hili halizaliwi matawini kama embe," nikasema. "Mara nyingi linaning'inia kwenye shina lenyewe, kwa sababu matawi madogo yangevunjika. Na si tunda moja hili. Ni maua mengi yaliyoungana. Kila kipande cha manjano unachokiona, na mbegu yake ndani, kilikuwa ua moja. Hizi nyuzinyuzi katikati ni maua ambayo hayakufaulu."

"Kama wanafunzi wako," Mzee Nzioka akasema, akitafuna. Alikuwa amelipenda, alikuwa amefika kipande cha tatu.

Nikapata nguvu. Nikamwambia mbegu zikichemshwa zinakuwa kama viazi, mbao zake ni za manjano na hutengenezwa milango na viti, majani yake mbuzi wanakula. Akauliza, "Na haya maziwa meupe?"

"Huo ni utomvu, mzee. Mti ukikatwa unajiziba kidonda kwa huo. Mdudu akija kutoboa ananaswa."

Hapo ndipo nilipojaribu kuweka kisu chini na kisu kikakataa kuwekwa chini. Nikakivuta kwa mkono wa kushoto, kikatoka, na vidole vya kushoto navyo vikashikana. Nikatabasamu. Mwikali akaniletea maji na sabuni, nikanawa, nikanawa tena, na kila nikisugua ndivyo ile kitu inazidi kuwa gundi. Nikainuka taratibu nirudi kwenye kiti kama mtu asiye na neno, mguu ukateleza kwenye ganda, nikashika mkono wa kiti nisianguke. Kushika hivi, kitambaa cha mama kikaja nami!

Nikakificha nyuma ya mgongo. Na wakati huohuo, akaingia baba mdogo wa Mwikali, Mzee Kilonzo, mtu mkali asiyesema neno kwa mgeni mpaka ampime kwanza, akavua kofia yake nzuri ya sherehe na kuninyooshea nimtundikie, maana mimi ndiye kijana wa pale. Ningefanyaje, nimwache mzee na kofia hewani? Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Nikaenda kwenye msumari ukutani. Nikaitundika. Nikaondoa mkono, kofia ikaondoka na mkono. Nikatundika tena. Ikarudi tena.

"Huyu anataka kofia yangu?" Mzee Kilonzo akauliza.

Mwikali akacheka. Alijaribu kuzuia, masikini, lakini kilimtoka kicheko cha puani, na mama akachungulia mlangoni. Akaniona. Kofia ya shemeji yake mkono wa kulia, kitambaa chake mkono wa kushoto, kimejikunja kama tambara la kufutia sufuria. Nilijua mbuzi wangu wameishia hapo. Nilitamani kulia, na wallahi kama ningekuwa na mkono wa kujifutia ningelia.

"Mwikali," mama akasema, amegeuza uso kwenye mlango, "mwambie huyo mtu asiguse kiti kingine."

"Mwalimu, usiguse kiti kingine," Mwikali akasema.

"Mwambie asivute kitambaa, kitakatika."

"Usivute..."

"Muulize kama hakuambiwa kuna mafuta!"

"Niliambiwa," nikajibu nikitazama sakafu. "Niliona haya kuomba mafuta yako, mama."

Kisha mama akarudi jikoni, akatoka na kibuyu cha samli, akanijia moja kwa moja, na kabla mtu hajasema lolote akanishika mkono. Kwa mkono wake! Akamimina samli, akaanza kutoa kitambaa uzi kwa uzi, kidole kwa kidole, kama anavyonawishwa mtoto aliyecheza matopeni.

"Asi!" Mzee Kilonzo akaruka. "Amemshika mkono! Nthoni imevunjwa. Hapo lazima aliyekosa atoe mbuzi."

"Ngoja," Mzee Nzioka akasema. "Hiyo mbuzi ni ya mtu na mkwe wake. Kama huyu ni mgeni wa kupita tu, hakuna kosa, ni kijana amepakwa mafuta." Akamgeukia mkewe. "Mama Mwikali, ni wewe umemshika. Sema wewe. Kuna kosa ama hakuna?"

Mama aliendelea kusugua. Alikuwa amefika kidole gumba, anatafuta utomvu chini ya ukucha. Mwikali alikuwa ameacha kucheka.

"Ile mbuzi yangu nyeupe," mama akasema bila kuinua macho. "Mfungieni aende nayo. Nimemkosea mkwe wangu."

Basi nikalia, mbele ya wazee wawili na msichana, na mama akaendelea kunipaka samli kana kwamba haoni. Siku hizi fenesi likiingia nyumbani kwangu, nakaa mbali, mikono mfukoni, Mwikali akate. Nanyi mkienda ukweni na hamna kitu, vijana, ombeni. Msione haya kama mimi.