Kikombe cha Alfajiri na Kikombe cha Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya wazazi pale Musoma, nilitegemea nitapewa mtoto nimshike. Nilipewa sufuria la vikombe. Ilikuwa miaka ile sabuni ikionekana dukani watu wanaitana, kwa hiyo tulivisugua kwa majivu, tukavisuuza, tukavichemsha. Humo ndimo walimokamulia maziwa mama wa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati na hawajaweza kunyonya.

Matroni alikuwa mpole, na upole wenyewe ndio uliotutisha. Alinipeleka kwenye friji.

"Weka huku nyuma kabisa. Mlangoni panapata joto kila tukifungua. Na ya moto, yaliyokamuliwa sasa hivi, usiyamimine juu ya ya baridi. Yapoe kwanza, yalingane, ndipo uchanganye."

"Na umri wa yaliyochanganywa, Matroni?"

"Unahesabu wa kikombe cha zamani. Usijidanganye na kipya."

Nikahamishiwa Bunda. Kule friji ilikuwa ya mafuta ya taa, na mafuta yenyewe adimu. Ilikuwa ya chanjo tu. Mganga Mfawidhi hakutaka kuona humo hata chupa ya maji. Tulivikalisha vikombe, vimefunikwa, katika beseni la maji ya mtungini, na tukamnywesha mtoto kabla maziwa hayajakaa sana.

Ujuzi huo ndio niliokwenda nao Butiama. Maziwa ya kopo yalikuwa yameanza kurudi madukani, lakini njiti wa Pendo, msichana wa Mwitongo, nilimtakia ya mama yake. Alikuwa mdogo, hata kulia kulimshinda. Pendo mwenyewe alikuwa hoi, maziwa yanatoka kwa kubembelezwa. Mama yake, Bibi Nyangeta, ndiye aliyetunza vikombe.

Mchana mmoja nilifunua kikombe, uchachu ukanipiga puani. Bibi alikuwa amemimina ya mchana, bado ya moto, juu ya yale ya alfajiri. Nikayamwaga.

"Unamwaga maziwa?" Bibi alisimama. "Mtoto anakufa njaa, wewe unamwaga? Kwetu hata ya ng'ombe hatumwagagi!"

Pendo akaanza kulia. Nami machozi yalinilenga, maana lile lilikuwa jasho lake la tangu alfajiri, na mtoto yule hakuwa na nguvu ya kukosa mlo. Nikamshika Bibi mkono.

"Bibi, kwenye kibuyu, ukitaka yagande upesi unafanyaje?"

"Si tunaongezaga ya moto juu ya yale ya..." Akakitazama kikombe. "Yesu wangu! Nilikuwa namgandishia mjukuu mtindi."

Pendo akacheka huku analia, akakamua tena. Kidogo kilichopatikana tulimnywesha mtoto palepale. Tangu hapo, hata mimi nikisogea, Bibi aligusa vikombe kwanza: "Ngoja, Sista. Hayajalingana."

Mtoto alinenepa, akajua kunyonya, wakarudi kwao.

Sasa nimestaafu, nanunua mahitaji yangu soko la Mwigobero taratibu, bila kukimbizwa na zamu. Nyinyi wauguzi vijana mna friji za umeme, nami nawaonea wivu kidogo tu. Ila kabla ya kumfundisha bibi, muulizeni kwanza kibuyu chake anakitunzaje.

Nilipoaga Butiama, Bibi Nyangeta alinijia, mjukuu mgongoni, kibuyu mkononi. Nikafungua: mtindi mzito, wa kukatwa kwa kijiko.

"Kunywa, Sista," alisema. "Haya nimeyachanganya makusudi."