Urefu wa Ukuta wa Tongping

Ke Wenbi alifeli mtihani wa serikali mara mbili, akaachana nao. Alibaki Tongping, mji wa mpakani kando ya mto Huai, ambao ng'ambo yake ilikuwa nchi hasimu ya kaskazini, akipima mashamba ya watu na kufundisha hesabu kwa vijiti vya mianzi. Ukimpa swali gumu la namba, alisahau hata kula.

Mwaka mmoja, baridi ilipokwisha, alijiwa na mtu mpole aliyejiita Pang, mfanyabiashara wa chai.

"Mwalimu, eti mtu anaweza kujua urefu wa kitu bila kukifikia?"

"Mbona rahisi! Nguzo mbili na jicho zuri."

"Acha utani."

"Twende nikuonyeshe."

Wakatoka nje ya mji. Ke akasimika nguzo uwandani, akalala kifudifudi na kulenga ukingo wa juu wa ukuta wa mji. Akapanga vijiti vyake majanini, akataja jibu huku akicheka. Pang hakucheka. Alimwomba arudie, kisha akauliza upana wa handaki la maji lililozunguka ukuta. Hilo nalo Ke akampimia.

Jioni alimsimulia mkewe, Bi Ruan, kwa majivuno.

"Baba Yun," mkewe akasema taratibu, "huyo muuza chai, chai yake umeiona?"

Ke akaweka bakuli chini. Hakuwa ameona hata jani.

Alikimbia mpaka kwa mkuu wa lango.

"Jasusi? Mwalimu, wewe namba zimekupanda kichwani."

"Nimempimia ukuta, afande! Kwa mikono yangu!"

"Basi nikufunge wewe?"

Ke akaenda kumtafuta mwenyewe. Pang alikuwa ameshaondoka.

Kiangazi kilipoingia, mashoka yakaanza kusikika ng'ambo ya mto. Msitu wa misonobari ulipungua siku hadi siku. Majirani walisema watu wa kaskazini wanajenga mazizi. Ke aliwasihi wahame, wakamcheka: "Mwoga huyo! Hata mtihani aliukimbia." Bi Ruan hakubishana na mtu. Alifunga mizigo, akamshika mtoto wao Yun mkono, wakapanda wote watatu mashua ya kusini.

Majani yalipoanza kupukutika, wakimbizi wa Tongping wakawafikia. Mmoja, mwoka mikate wa mtaa wao, alikuwa amebaki peke yake katika familia yake.

"Zile ngazi maadui walizopandia ukuta," alisema, "zilifika juu sawasawa, kama walizikata palepale ukutani."

Ke aliingia ndani asiage. Aliishi miaka mingi baadaye, akifundisha watoto kujumlisha na kutoa. Aliyetaka kujifunza kupima vitu vya mbali alielekezwa kwa mwalimu mwingine.