Bendi yetu ya rock ilivyozimiwa jenereta Mungaa katikati ya wimbo wa "Minyaa"

Wakuu, nawasalimu kutoka Singida. Upepo unavuma, tupo.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi. Leo naandika jambo ambalo nilikuwepo mwenyewe, gita likiwa shingoni. Sijaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema.

Iko hivi. Tuna bendi ya watu watatu. Zaituni anaimba na kupiga gita la solo, Elia yuko kwenye drums, mimi napiga besi. Wote weusi tii, wote wa hapa hapa Singida, na tunapiga rock.

Najua kuna mtu ameshacheka. Tumezoea.

Mtaani wanatuuliza, "Rock si muziki wa wazungu?" Zaituni huwaonyesha yale mawe makubwa yaliyouzunguka mji wetu, anawauliza, "Na hizi rock zote nazo waliziacha wazungu?"

(Huo muziki mizizi yake ni kwa watu weusi, ila hiyo mada inataka uzi wake.)

Sisi tunachanganya. Gita linakwaruza, Elia anaweka mapigo ya ngoma za Kinyaturu, mimi naingiza besi ya reggae, halafu katikati Zaituni anaghani kama yuko kwenye rap. Tunaimba mambo tunayoyaona: visima vilivyokufa, mabinti wanaoachishwa shule, mkaa.

Mazoezi tunafanyia Unyambwa, kwenye chumba kilichokuwa na mashine ya kukamua alizeti. Mashine iliondoka, harufu ya mashudu ikabaki ukutani. Mchana jua likipita dirishani unaona vumbi limeelea hewani, na nikigusa waya mnene wa besi lile vumbi linatetemeka. Kuna siku nalitazama mpaka nasahau kama nimeshika gita.

Turudi kwenye mada.

Zaituni alifiwa na baba yake akiwa shule ya msingi, kijijini Mungaa. Msiba ulipopoa, baba yake mdogo, humu nitamwita Jumanne, akamwambia mama yake Zaituni kwamba shamba ni la ukoo na yeye katoka ukoo mwingine. Mama akafunga virago, akaja na mwanawe Unyambwa. Akawa anauza vitunguu na kufuga kuku. Mungaa hakukanyaga tena.

Zaituni alipokua akaandika "Minyaa". Kwa msioijua, minyaa ni ule mmea wa kijani wenye utomvu mweupe, huku kwetu tunaupanda kwenye mipaka. Ya shamba lile aliipanda mama yake akiwa bado bibi harusi.

Kiitikio chake ni hiki:

"Minyaa inamjua aliyeichomeka,
nyie mnajua jina la ukoo tu."

Hakumtaja mtu. Lakini klipu ikazunguka kwenye simu mpaka ikafika Mungaa.

Sasa ikaja fainali ya mpira ya kata, inachezwa hapo hapo Mungaa. Waandaaji wakatualika tupige baada ya mechi. Zaituni akawa anafuta gita lake ambalo halikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Twendeni."

Siku ya safari tunapakia spika kwenye kigari cha kirikuu, mama yake akatoka ndani amevaa kitenge cha sikukuu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kusikiliza. Kwani huo wimbo si wangu?"

Akakaa mbele na dereva. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili za barabara, njano tupu, na mimi huku nyuma nimelala juu ya masanduku nikaona kama gari limesimama na yale mashamba ndiyo yanayopita.

Tulipofika, Jumanne akatufuata. Kumbe alikuwa kwenye kamati ya maandalizi.

Zaituni akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuja nyumbani. Imbeni zote, ila ule wa minyaa uacheni. Leo siku ya furaha."

"Mama amekuja kuusikiliza huo huo, baba."

Jumanne akageuka, akamwona shemeji yake amekaa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mbele kabisa. Akaondoka.

Tukaanza. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, vijana wanaruka, wazee wameziba masikio huku wanacheka. Kisha Zaituni akaingia "Minyaa". Uwanja ukatulia. Kiitikio cha kwanza kikapita, akavuta pumzi aanze ubeti wa pili.

Sauti ikakatika.

Jumanne alikuwa amemwamuru fundi azime jenereta.

Wakuu, gita la umeme likizimwa unabaki na nyuzi zinazolia kama mbu. Upepo ukaja ukakaa pale sauti yetu ilipokuwa. Nyuma ya goli kulikuwa na shamba la alizeti, maua yote yametupa kisogo, nikahisi kama tumeota wote kwa pamoja na sasa tumeamshwa.

Zaituni alisimama mdomo wazi, machozi yanamshuka.

Ndipo mama yake akainuka. Alitembea taratibu mpaka alipo Jumanne. Aliongea Kinyaturu, mimi ni Mnyiramba, naambulia nusu nusu, haya alinitafsiria Elia.

"Shemeji, wimbo huo unanihusu mimi. Kama kuna mahali wimbo umedanganya nionyeshe, mwanangu apafute."

"Haya ni mambo ya ukoo," Jumanne akasema. "Si ya uwanjani."

"Ukoo nimeusubiri uniite tangu huyu binti akiwa mdogo. Mtazame sasa alivyo."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa meza kuu. Akauliza, "Jumanne, minyaa ile alipanda nani?"

Jumanne akaangalia chini, akaangalia watu, akaangalia chini tena.

"Alipanda yeye."

"Basi washa jenereta. Kikao cha ukoo kitakaa, na mimi nitakuwepo."

Zaituni akaumaliza wimbo. Mama yake hakurudi kwenye kiti. Alibaki amesimama pale pale kando ya Jumanne, wote wawili wanatutazama, mpaka mwisho. Mikono yangu ilipiga yenyewe; mimi nilikuwa juu juu huko, sijui wapi.

Vikao vilikaa, na kelele zilikuwepo. Mama alirudishiwa kile kipande alichokuwa analima na marehemu. Sehemu nyingine imebaki kwa Jumanne. Msamaha hajaomba. Zaituni akikutana naye anamwamkia, anaitikia, basi.

Baada ya hapo mama alikuja mazoezini na sahani ya viazi vya kuchemsha. Tukataka kumfurahisha, tukaanza "Minyaa". Akainua mkono.

"Huo umeshamaliza kazi, uacheni upumzike. Nimekuja na jirani yangu, ana jambo lake."

Mlangoni alisimama mwanamke ambaye hatukumfahamu, anavuta vuta khanga, hajui aanzie wapi. Zaituni akaweka gita chini, akamsogezea kiti. Siku hiyo hatukupiga hata noti moja.

Nilichojifunza ni kwamba tulianzisha bendi tukitaka watu watusikilize, kumbe sisi ndio tunatakiwa kuanza kusikiliza. Ngoma na gita vinakuja baadaye.

Sasa nawaachia uwanja, wakuu. Huko mliko kuna jambo gani ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema? Liandikeni hapa chini. Zaituni yuko begani kwangu, anasoma.