Jembe, Nyumba na Mkono wa Bibi

Juma lililopita mjukuu wangu wa kike alinishika mkono akanipeleka shule ya msingi ya mtaani kwetu, kuhakiki kama jina langu bado limo miongoni mwa wapiga kura. Siku hizi macho yangu yana ukungu. Naona weupe wa ukuta na weusi wa mlango, lakini mtu namtambua kwa sauti yake. Karani, binti mdogo, aliniamkia, akalitafuta jina langu, akalipata. Ndipo mjukuu wangu akasema, kwa wema tu, "Babu, siku ya kura nitaingia na wewe. Utanitajia mtu wako, mimi nitakuwekea alama." Karani akasema inaruhusiwa. Nikashukuru, halafu nikaomba kukaa kwenye ngazi ya darasa. Walidhani ni jua.

Halikuwa jua. Katika darasa lilelile, siku ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, nilimshika bibi yangu mkono hivyohivyo nikamwibia kura yake. Nakuambia mapema usije ukanipenda bure. Lakini kabla ya siku ile kulikuwa na miaka mingi mizuri, na hiyo ndiyo niliyoifikiria pale ngazini.

Nilipokuwa mtoto hapa hapakuwa mji. Mji ulikuwa kule Nyamagana, ambako ulikwenda na viatu mkononi ukavivaa ulipofika. Kwetu kulikuwa na mawe, pamba, ng'ombe, na barabara ya vumbi iendayo Kisesa. Ukipanda mawe ya nyuma ya nyumba ya bibi uliona kipande cha ziwa kinang'aa kama bati jipya. Jimbo letu lilianzia kwenye maji yale na kuishia mbali huko kwenye majaruba ya mpunga, na mbunge wake alihitaji gari gumu na mgongo mgumu zaidi.

Bibi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Aliniita "mume wangu", kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Mume wangu, kachote maji. Mume wangu, mbona unakula kama mtu aliyeachwa? Nilipochelewa kurudi na ndama alisema mbele ya majirani kwamba ataniacha aolewe na mwanamume anayejua saa. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa nikichelewa makusudi ili aniseme tena.

Hakujua kusoma, wala sikuwahi kumwona ameshika kalamu isipokuwa siku za kura. Wewe kama umri wako ni kama wangu utakumbuka: chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea ubunge walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kwenye vilabu vya pombe watu walibishana kwa siku nyingi. Wa jembe walisema nyumba hailiwi. Wa nyumba wakauliza, ukitoka kulima unakwenda kulala wapi, juu ya mpini? Sisi watoto tukacheza jembe na nyumba badala ya kandanda, timu mbili, na walioshindwa waliwabeba washindi mgongoni hadi kisimani.

Bibi aliwacheka wote. Yeye alikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa msiba. Hakutaka mtu wa kuja kupeana mikono na kuondoka. Alitaka mtu anayelala matangani kwenye nyasi pamoja na wengine, na siku ya kuzika anashika chepeo hadi shati linaloa. Kwa kipimo hicho aliijua historia ya jimbo letu lote, na sijawahi kuiona imeandikwa popote. Wabunge hakuwaita kwa majina. Wa kwanza alikuwa "yule wa mizani", kwa sababu alipigania mizani ya pamba isituibie. Alipozoea maisha ya mbali akaacha kuja misibani, na jimbo likamtoa bila kelele. Akafuata "yule wa daraja", aliyekaa na watu vizuri hadi alipougua. Kisha "yule wa bomba". Bomba lake lilitoa maji siku ya kufunguliwa, watu wakapiga vigelegele, na tangu hapo likawa mahali pa mbuzi kujikunia. Huyo naye alitolewa. Bibi alisema jimbo letu halina hasira, lina kumbukumbu tu.

Asubuhi ya kura aliamka kabla ya kuku. Alioga maji ya moto, akavaa kitenge ambacho vinginevyo kilikaa sandukuni pamoja na majani ya kufukuza nondo, hivyo kura kwangu ina harufu ya majani yale hadi leo. Alifunga matobolwa kwenye pindo la khanga, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ili atafune kwenye foleni. Kura ilipigwa kwenye ghala la pamba la ushirika, na nyuzi zilielea hewani zikatua kwenye nywele za watu, hata vijana wakatoka wameota mvi. Mimi nilibeba kibuyu cha maji. Akitoka, hakumwambia mtu yeyote amempa nani. Tulirudi nyumbani tukala ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, na furu.

Furu nikikueleza utadhani natia chumvi. Kisamaki kidogo kama kidole, kina miiba, kitamu ajabu. Bibi aliwanunua kwa akina mama waliopanda na vikapu kutoka ziwani, akawachoma kwenye vijiti, kisha akawapika na karanga zilizotwangwa. Moshi wake uliingia kwenye blanketi ukakaa humo juma zima.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata kazi kiwanda cha nguo, nikaoa, nikajenga karibu na bibi. Halafu ikaja ile miaka ya tisini unayoijua. Mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikatupunguza, nami nikarudi nyumbani na cherehani niliyopewa kwa kuniaga. Ziwani sangara alikuwa amemaliza furu. Minofu yake ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani. Bibi aliyala mara moja. Akasema samaki wa namna hii ni wa kusimuliwa, si wa kula.

Na vyama vikawa vingi. Bendera za kila rangi zikapanda kwenye miembe na mapaa ya maduka. Vyama sitavitaja, havina kosa katika jambo hili. Mmoja wa wagombea wa jimbo letu alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mwenye magari ya barafu yaliyovuka ziwa kwa pantoni na shehena kutoka upande wa Kamanga. Aliniona na kidato changu cha nne nikiwa sina kazi, akanipandisha kwenye pikapu yake na kipaza sauti. Aliniahidi kazi ya utunzaji wa ghala katika kiwanda cha minofu. Nikapiga kelele mitaa yote hadi sauti ikanikauka. Siku moja, mbele ya watu, aliniuliza kama kwangu ameungwa mkono. Nikamjibu kwamba nyumba yetu yote ni yake, hadi bibi. Watu wakashangilia. Hapo ndipo nilipojifunga.

Kwa sababu bibi alikuwa na mtu wake. Alikuwa mwalimu wangu wa zamani, mzee aliyestaafu, aliyegombea kwa baiskeli na mwavuli. Babu yangu alipofariki mvua ilinyesha siku tatu, kaburi likawa linajaa maji, na mwalimu aliingia humo kwa suruali yake ya kazini akachota matope na debe hadi tukaweza kuzika. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini kwa bibi ilikuwa jana. Wakati huo macho yake yalikuwa yamefunikwa kabisa. Aliniambia, "Mume wangu, utanipeleka kwa mwalimu." Nikasema ndiyo, bibi.

Siku yenyewe alioga, akavaa kitenge chake, akafunga viazi vyake. Nilimshika mkono kutoka nyumbani hadi shuleni, na njiani alisalimiwa na kila mtu. Makarani walimpisha mbele. Tukaingia wawili kwenye kituturi, kile kificho cha kupigia kura. Karatasi ya rais nilifanya alivyotaka. Ikaja ya ubunge. Akashika kalamu mwenyewe, akanipa mkono wake niuongoze, akasema kwa kunong'ona, "Mwalimu." Mkono ulikuwa mwepesi na mkavu, kama jani la muhogo lililoanikwa. Niliupeleka kwa mfanyabiashara. Ulisita kidogo. Nilidhani ni uzee. Kisha akachora alama yake, polepole, na kunirudishia kalamu.

Mfanyabiashara alishinda, na angeshinda hata bila kura ile. Hilo nimelisema moyoni mara nyingi, na halijanisaidia.

Siku chache baadaye mwalimu akapita nyumba kwa nyumba kuwashukuru watu, jambo ambalo sijamwona mshindi yeyote akilifanya. Alifika kwetu akaegemeza baiskeli kwenye ukuta. Tulikuwa tunakula, akanawa akakaa nasi. Bibi akamwambia, "Mwalimu, siku ile nilitoka hapa kwa ajili yako." Mwalimu akasema anajua, mama, na akamshukuru kwa mikono miwili. Mimi nikainamia sahani nikamega tonge jingine. Mwalimu akanigeukia akaniuliza habari za watoto.

Kazi niliipata. Nilivaa buti nyeupe na koti jeupe, nikahesabika mtu mtaani. Kisha Ulaya wakawakataa samaki wetu kwa muda, kiwanda kikafunga milango, na mfanyabiashara hakukumbuka jina langu. Lakini kitu kingine kilikuwa kimekwisha kabla ya hapo, nami sikukitambua upesi. Bibi alikuwa ameacha kuniita mume wangu. Aliniita mjukuu wangu, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto wa watu aliyekuja kusalimia. Nikajiambia ni umri, utani umemchosha.

Uchaguzi uliofuata ulipofika nilikwenda kumchukua. Nilimkuta ameshavaa, ameketi kwenye kigoda, na mke wangu amesimama pembeni yake na mkoba.

"Leo nakwenda na mkeo," bibi akasema. "Wewe baki na watoto."

Nikasema njia ni mbaya, bora nimshike mimi. Akanyoosha mkono kunizuia, ingawa hakuniona.

"Mwalimu alikuja hapa ukiwa kwenye gari lako la kelele," akasema. "Alinipa karatasi tupu, akapitisha kidole changu juu yake. Akaniambia yeye ni wa mwisho, chini kabisa, kwenye ukingo. Nilifanya hivyo kila siku hadi kidole kikazoea. Siku ile sikuukuta ukingo."

Niliuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto wanne, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mchunga ndama.

"Ningesema, wangekutoa nje mbele ya mtaa mzima," akasema. "Nikaona afadhali iharibike kura."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akanigusa kichwa, akasema, "Nimekusamehe zamani, mjukuu wangu. Inuka, jua linapanda." Wakaondoka wawili. Niliwatazama hadi kwenye kona ya barabara, kitenge chake na mwavuli wa mke wangu. Jioni nilimuuliza mke wangu bibi amempa nani. Akajibu hiyo ni ya bibi, akaendelea kupepeta mchele.

Hakufika uchaguzi mwingine. Tulimzika karibu na yale mawe ya nyuma ya nyumba, na mwalimu, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alishika chepeo kwa muda mfupi, akachota udongo mara moja, akapokewa na vijana.

Jimbo lile halipo tena. Limekatwa, na mpaka umepita kwenye korongo, hivyo kaburi la bibi liko jimbo jingine na mimi niko jimbo hili. Ghala la pamba lilivunjwa, pale wanauza saruji na mabati. Juu ya mawe hakuna tena ziwa la kuona, ni ghorofa za watu. Mjukuu wangu hajawahi kuonja furu, na nilipomweleza jembe na nyumba alidhani ni nembo za benki. Wagombea nawasikia wakipita na muziki mkubwa. Msibani wanatuma shada.

Juma lililopita, tuliporudi kutoka shuleni, baada ya chai, nilimwomba mjukuu wangu karatasi tupu. Nikamwambia achore visanduku, vilivyopangwa juu hadi chini kama kwenye karatasi ya kura.

"Babu, huniamini?" akauliza huku anacheka.

"Nakuamini, mke wangu," nikasema. "Nataka tu kidole kijue njia."

Akakishika kidole changu akakishusha taratibu juu ya karatasi, kisanduku hadi kisanduku, hadi chini kabisa. Ukingo ulikuwepo, mwembamba, wenye ukali kidogo. Akaniuliza kama inatosha, nikamwambia aniache kidogo. Akaenda kuosha vikombe. Mimi nilibaki pale barazani, kidole kikiwa kwenye ukingo wa karatasi, nikingoja kama mjinga sauti ya kuniita mume wangu.