Diski Mbili za Nzula

Watu wa hapa Noonkopir wakikuambia Nzula ni mkaidi, wakubalie, usipoteze wakati kubishana nao. Mimi ni jirani yake. Cherehani yangu iko mlango wa pili kutoka studio yake, na kati yetu kuna ukuta wa mabati tu, kwa hivyo nasikia anapogombana na wateja, anapogombana na stima, na anapogombana na kompyuta yake. Hanikeri hata kidogo. Mwanamke anayeishi kwa kupiga video za harusi za watu, katika mji ambao kila kijana mwenye simu anajiita mpiga picha, asipokuwa mkaidi atakula nini?

Ila ukaidi huo una mwanzo wake, nami naujua kwa sababu nilikuwepo.

Zamani alikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Wainaina, kijana wa maneno matamu. Wainaina alimfungia diski mbili ndani ya mashine, akaziunganisha zikawa kama moja. "Hii inaitwa RAID, mama," akamwambia. "Iko na mbio hujawahi kuona." Na kweli mbio ilikuwa nazo. Jambo ambalo Wainaina hakusema ni kwamba kila video ilikuwa inakatwa vipande, vingine vinawekwa diski hii, vingine ile. Mbio ilitoka hapo: wawili wanabeba mzigo mmoja. Mmoja akianguka, mzigo wote uko chini.

Ulianguka Desemba, mwezi wa harusi. Stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu kama inavyorudi huku kwetu, na diski moja ikakwaruza kidogo ikanyamaza. Ile nyingine ilikuwa nzima kabisa, na haikumfaa kitu. Ilikuwa na vipande vya bibi harusi, vipande vya keki, vipande vya kwaya, na hakuna video hata moja iliyofunguka. Wainaina akasema pole, kisha akazima simu.

Watu walikuja. Mabibi harusi na mama zao walisimama mlangoni wakapiga kelele mpaka nikaacha kushona. Lakini aliyemuumiza Nzula hakupiga kelele. Ni mwanamume mmoja ambaye mama yake mzee alikuwa amecheza ngoma kwenye harusi ya mjukuu, na hakuumaliza mwaka. Yule mwanamume aliuliza tu, "Hata sauti yake haiko?" Nzula akajibu, "Haiko." Angefunga studio siku hiyo akarudi kwao Machakos kulima, hakuna ambaye angemlaumu. Mjini walikuwa tayari wanamwita Mla Harusi.

Hakufunga. Alikasirika, na Nzula akikasirika ni heri umpishe.

Alinunua diski mbili mpya, kubwa, za ukubwa mmoja, na ya tatu ndogo ya SSD, ile ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Fundi hakumwita. Alijisomea mwenyewe kwenye simu, mkono mmoja kwenye ugali, mpaka nikawa namkumbusha kumeza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; huyu yeye alikwenda kumtafuta nyoka shimoni.

Siku ya kazi akanigongea bati. "Mama Cate, njoo unishikie taa ya simu. Na usiongee."

Kutoongea ni kazi ngumu kwangu, lakini nilijaribu. Akafungua ubavu wa mashine, vumbi la malori ya mawe yanayopita barabarani likatoka humo la kutosha kupanda sukuma wiki. Akafunga diski kwa skrubu, akachomeka nyaya, akawasha, akabonyeza kitufe mfululizo mpaka akaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, kule ndani kabla Windows haijaamka. Humo akaiamuru mashine izifanye zile diski mbili kubwa kuwa pacha. Mashine ikamuuliza: kila kilichomo kitafutika, una hakika? Nzula akacheka, na halikuwa cheko la furaha.

"Hakuna kitu ilibaki ya kufuta," akaiambia, akabonyeza ndiyo.

Windows ikakataa kuamka, ikaleta skrini ya bluu. Kumbe alikuwa ameitanguliza: alikuwa ameiweka asubuhi, kisha ndipo akabadilisha mipangilio, nayo haikuitambua tena nyumba yake. Aliitukana kwa Kikamba, akanywa chai, akaanza upya, mipangilio kwanza, Windows baadaye. Ikaamka.

Mpango ulikuwa hivi. SSD ni ya Windows na ya kazi anayoikata siku hiyo, kwa kuwa ina mbio. Kazi ikikamilika inahamia kwa pacha, na huko kila kitu kinaandikwa mara mbili, diski hii na diski ile, sawasawa, hata chafya ya mchungaji. Mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara alipita akachungulia, akashindwa kuzuia mdomo.

"Sasa unanunua diski mbili upate nafasi ya moja? Si hiyo ni ujinga?"

"Wewe uko na figo ngapi?" Nzula akamuuliza, bila kuinua kichwa.

"Mbili."

"Toa moja upate nafasi."

Kisha akafanya jambo lililonitoa roho. Alihamishia kwa pacha video ya harusi mpya iliyokuwa bado kwenye kamera, akaifungulia, na ikiwa inaendelea, akaingiza mkono ndani ya mashine akachomoa waya wa diski moja. Nilipiga yowe. Mashine nayo ikalia, tii, tii. Lakini kwenye skrini kwaya iliendelea kuimba na kuyumba kama kawaida yake. Nzula aliitazama mpaka wimbo ukaisha, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Aliporudisha waya, mashine ilishinda mchana kutwa ikinakili kutoka kwa mzima kwenda kwa aliyerudi.

"Lakini jua kitu kimoja," akaniambia. "Hii inanilinda na kifo cha diski. Hainilindi na kidole cha mtu. Ukifuta huku, umefuta kote."

Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa kibodi yake. Hata mimi, na tumezikiana wazazi.

Miaka ikapita. Sasa nikuambie habari ya Kyule.

Kyule alikuwa mchonga mawe kwenye machimbo. Alikuwa mtu mpole; mavazi ya shule ya watoto wake nilishona mimi. Kila akipata nafasi alijichongea mawe yake mwenyewe, na kwa mawe hayo akamjengea mkewe Mbeke nyumba kwenye ploti yao, chumba baada ya chumba. Mwaka huu ukuta wa machimbo ukamwangukia. Mbeke akabaki na watoto wawili na nyumba ambayo chumba chake cha mwisho hakijaezekwa.

Matanga hayajapoa, kaka mkubwa wa marehemu, Masila, akasimama mbele ya watu akasema Mbeke hakuwa mke. Alikuwa rafiki tu. Ntheo haikuwahi kupelekwa kwao, kwa hivyo hana sauti juu ya maiti, na nyumba ni ya ukoo.

Mimi ni Mkikuyu, mambo ya ntheo nimefundishwa na majirani. Ni mbuzi ambao upande wa mume huwapeleka kwa wazazi wa msichana, mmoja akachinjwa, pande mbili zikala pamoja. Bila hao mbuzi, Mkamba atakuambia hujaoa, hata mkizaa mkajaza basi. Wazee wa ukoo wangekaa Jumamosi, na kama hakuna ntheo, Mbeke atoke.

Na mbuzi walipelekwa! Baba yake Mbeke anaishi hapa hapa Noonkopir. Tulisikia harufu ya nyama mtaa mzima, na video alipiga Nzula, pacha zake zikiwa bado mpya. Lakini baba yake sasa ni kiziwi na amesahau mengi, na waliokula nyama upande wa pili walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa kutokumbuka. DVD ya siku ile Masila aliichukua nyumbani kwa Mbeke akisema anakwenda kuwaonyesha wazee. Haikurudi.

Basi Mbeke akaja kwa Nzula na leso kichwani. "Mama, ile video yetu... bado uko nayo?"

"Niko nayo," akasema Nzula. Sijawahi kumsikia akitamka neno kwa raha vile.

Akaifungua waitazame kwanza. Nikahama na kiti changu. Tulikuwa watatu mbele ya skrini, tukimwangalia Kyule akiwa kijana, anavuta mbuzi mkaidi kwa kamba, Mbeke akicheka na kulia kwa pamoja, mlango ulipojaa watu. Mtu alikuwa amempelekea Masila habari. Na Masila alikuwa amekuja na mzee Ndolo, mzee wa ukoo, yule aliyekuwa akirudia kila siku kwamba hakumbuki.

"Futa hiyo kitu," Masila akasema. "Ni mambo ya familia yetu."

"Familia yako ilinilipa niitunze," Nzula akamjibu. "Siifuti."

"Nimesema futa."

Nzula akavuta kibodi akaipakata mapajani. "Mashine hii kidole kimoja kinatosha kuimaliza. Ndio maana hicho chako hakitafika."

Nilishika makasi yangu ya kukatia kitenge. Masila hakunitazama hata. Ubavu wa mashine ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na diski kubwa zilikuwa zinaonekana, moja juu ya nyingine. Akapiga goti, akang'oa nyaya za ile ya juu, akaivuta kwa nguvu mpaka skrubu zikaruka, akatoka nayo mlangoni. Pale kwenye ngazi kuna jiwe. Aliipiga hapo, akarudia, akarudia tena, mpaka kitu ndani yake kikawa kinacheza kama njuga. Mbeke akapiga ukunga, akakaa chini sakafuni.

Mashine ikalia, tii, tii.

"Sasa," Masila akasema akihema. "Video iko wapi?"

Na sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka nyuma yake. "Nyamazeni, nyamazeni niongee! Mbuzi wamefika, nyama tumekula. Kuanzia leo huyu Mbeke ni bibi yetu. Mtu asije akasema hakusikia!"

Akageuka. Kwenye skrini alikuwa amesimama yeye, mwembamba zaidi, paja la mbuzi mkononi, mafuta kidevuni, watu wakimpigia vigelegele. Aliangalia kile chuma alichokishika. Akaangalia skrini. Alivyoonekana, angeweza kuamini ni uchawi.

Mzee Ndolo alikuwa amesogea polepole, akainama, miwani ikakaribia kugusa kioo. Kando ya Masila wa skrini alikaa mzee anayetafuna kwa bidii, kofia ya manyoya kichwani.

"Hiyo kofia ni yangu," mzee akasema.

Akaigusa kwenye kioo kwa kidole.

"Ilinipotea siku hiyo hiyo. Nimeitafuta sana." Akanyooka, mgongo ukamlalamikia. "Masila, tulikula. Mimi nilikula mbavu."

Masila akapiga hatua kuelekea mashine. Waendesha boda walikuwa wamejaa mlangoni, na mmoja wao akavua helmeti akaishika vizuri. Lakini aliyemzuia ni mzee, kwa fimbo, akaiweka mbele ya kifua chake. "Hapana," akasema. "Umenifanya mwongo ya kutosha."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Masila iliishia pale kwenye ngazi yetu. Jumamosi wazee walikaa kwa Mbeke wakanywa chai yake, na hakuna aliyetaja kutoka.

Nzula alifunga diski mpya mahali pa ile iliyovunjwa, na ile nzima ikashinda ikimfundisha mgeni kila kitu. Ile iliyopondwa aliitundika kwa msumari juu ya mlango. Nilimwambia inatisha wateja. Akasema vizuri.

Kyule alizikwa kando ya nyumba yake. Ardhi ya huku ni mawe matupu, na waliochimba kaburi ni wenzake wa machimbo, kwa nyundo zao. Mbeke alimwomba Nzula apige video ya mazishi, mimi nikamshikia mwavuli kwa ajili ya kamera. Wakati wa kutupa udongo walianza mke na watoto, wakafuata ndugu. Masila akaja ameinamisha uso, kofia imeshuka mpaka nyusi, akainama haraka atupe konzi yake na apotee.

Nzula akamsogelea na kamera mpaka ukingoni mwa kaburi. Mchungaji alikuwa amenyamaza, kila mtu alisikia.

"Masila, vua kofia," akasema. "Angalia huku. Isije ikawa kesho utasema hapa pia hukuwepo."

Akasubiri, kamera begani. Mkono wa Masila ulibaki hewani na udongo wake, na Nzula hakusogea, na mimi na mwavuli wangu hatukusogea, mpaka akavua kofia na kuinua uso.